Mbuzi wa Benchi na Jaji wa Kitale

Kabla Yar hajamchukia baba yake mdogo Malual kwa jambo lolote kubwa, alimchukia kwa midomo yake. Ilikuwa minene, na iling'aa mafuta hata zile wiki ambazo kambi nzima ya Kakuma ilikuwa ikinywa uji wa mtama mtupu. Akitaka kusema, aliilamba kwanza, pembe hii na pembe ile, kama mtu anayejiandaa kula. Wengine hawakuiona midomo hiyo. Waliona tai, fimbo, na sauti nzito iliyozoea kusikilizwa. Lakini Yar alikuwa mtu wa kutazama. Alisoma hapo hapo kambini mpaka darasa la nane, akaolewa, mumewe akarudi Juba kutafuta kazi Sudan Kusini ilipopata uhuru, naye akabaki na mimba na maneno machache. Macho ndiyo yalikuwa hayachoki.

Malual alikuwa mzee wa Benchi. Hilo ndilo jina watu waliloliita baraza la wazee wa Kidinka kambini, waliokaa juu ya ubao mrefu chini ya turubai kuamua mambo. Mwanamke akiruka foleni ya bomba na dumu lake, Benchi. Kijana akitorosha msichana, Benchi. Walevi wakitukanana mama zao, Benchi. Wazee walitoza, wakapatanisha, watu wakaenda zao. Kwa hayo Yar hakuwa na neno. Ugomvi wa madumu ukiishia Benchi umeishia pazuri. Shida ni pale Benchi lilipojipa kesi ya Agot.

Agot alikuwa dada yake, na kwa kweli alikuwa mama yake. Walipokimbia vita kutoka Bor, mama mzazi alibaki njiani, na Yar akafika Kakuma mgongoni mwa Agot, ambaye mwenyewe alikuwa bado msichana. Agot ndiye aliyesimama kwenye foleni ya mgao. Agot ndiye aliyemfulia Yar sare ya shule usiku aivae asubuhi ikiwa na unyevu. Kisha Agot akaolewa na Jok, mwanamume mrefu, mcheshi mbele za watu.

Mwanzoni mwa mwaka 2012, asubuhi, Yar alikuwa anapeleka maji kwa dada yake. Mwanawe Atem, bado mchanga, alikuwa mgongoni. Kupitia uzio wa miiba ya mathenge alimwona Jok ameshika mchi wa kinu. Alimwona Agot akiinua mkono, si kupiga, kujikinga tu. Aliona mchi ukishuka, na ukishuka tena baada ya mkono kuanguka. Kisa kilikuwa mafuta ya mgao ambayo Jok alikuwa ameyauza akanywa pombe. Abul, binti mchanga wa Agot, alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, amelala chali, anarusha miguu hewani kwa furaha zake.

Yar alipiga mayowe, watu wakaja, polisi wakaja. Yeye alimwokota Abul. Tangu siku hiyo alinyonyesha wawili, Atem ziwa la kulia, Abul la kushoto, na wakigombana aliwabadilisha.

Jok alipelekwa Lodwar mbele ya hakimu. Hakimu akasoma, akafunga faili, akasema hii si yangu: mashtaka ya kuua husikilizwa na Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu iko Kitale. Kwa hiyo Jok akapelekwa rumande, na mwaka uliofuata Yar, shahidi, akaitwa Kitale.

Gari lilikuwa moja. Hilo Yar hakulisahau. Aliyemwua dada yake na aliyeona akiuawa walipandishwa gari moja pale Lodwar, askari katikati, kwa sababu hakukuwa na lingine. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Jok alilala, kinywa wazi, ute ukimtiririka kwenye kidevu, na kila shimo goti lake lilimgonga Yar. Baada ya Kainuk, milima ilipoanza, aliamka, akajinyoosha kama mtu wa nyumbani kwake, akamtazama Abul aliyekuwa akinyonya.

"Amenenepa," akasema kwa Kidinka. "Unanitunzia vizuri."

Yar alitapika dirishani. Askari akadhani ni milima.

Na Kitale kwenyewe hakukusikilizwa kitu. Mkalimani wa Kidinka hakupatikana. Jaji akaahirisha, wakarudi na gari lile lile, goti lile lile.

Haukupita muda mrefu, Malual akatuma mtu kusema wanataka kumaliza matanga ya Agot kwa heshima. Yar alilia kwa shukrani. Tangu mazishi, hakuna mzee aliyelitaja jina la dada yake. Alikwenda na watoto, akakuta mchungaji wa kanisa akiomba, mbuzi mnene amenunuliwa kwa Waturkana na moto umewaka. Mchungaji alipoondoka, nyama ikagawiwa. Malual mwenyewe akamkatia Yar ini.

"Kula, mama watoto," akamwambia, "maziwa yasikukauke."

Lilikuwa neno la kwanza la upole Yar kulisikia kutoka kwenye midomo ile. Na alikuwa na njaa, ile njaa ya mwanamke anayenyonyesha, isiyouliza nyama imetoka wapi. Akala. Akatafuna kipande mpaka kikalainika, akakitoa kinywani, akamlisha Abul, na Abul akapiga makofi akitaka tena.

Ndipo wanaume wengine wakatokea nyuma ya nyumba, wakijifuta mikono. Ndugu zake Jok. Kumbe walikuwa huko muda wote wanakula mbuzi yule yule. Malual akainua mfupa wa paja, akauweka juu ya jiwe, akaupiga shoka ukapasuka.

"Mfupa umevunjika," akasema. "Sisi tuliokula nyama hii, wa kwao na wa kwetu, hatuna tena neno kati yetu. Atakayelisema, limrudie yeye na watoto wake."

"Amina," wakasema wote, kama vile ni sala.

Ilikuwa nyama ya mapatano. Kila Mdinka anajua: ukila, umesamehe, na kinywa chako kimefungwa. Nyumbani, enzi za ng'ombe, nyama hiyo haikuchanganywa na ya matanga hata kidogo, mtu aliona ng'ombe dume amefungwa uwanjani na alijua amekuja kwa lipi. Lakini Kakuma nyama ilikuwa nyama. Nani angeuliza?

Yar alikwenda nyuma ya choo, pale kwenye nzi wa kijani, akatia vidole kooni. Alitoa alichoweza. Kisha akamtazama Abul, mdomo wake mdogo bado unang'aa, akajua huyo hawezi kumtapisha, na kwamba amemlisha mtoto msamaha wa mwuaji wa mama yake, tena kwa kuutafuna kwanza. Alikaa chini pale pale kwenye uvundo, hakuona pengine panapomfaa.

Yaliyobaki aliyajua kidogo kidogo kwa minong'ono ya wanawake kwenye bomba. Ukoo wa Jok ulikuwa umetoa ng'ombe kule Bor, fidia ya damu. Ng'ombe hao hawakukaa zizini. Kijana wa Malual alikuwa anataka mke, wakaswagwa moja kwa moja mpaka kwa wakwe. Damu ya Agot ilikuwa imeoa. Na bibi arusi, wanawake walisema, alikuwa mzuri sana, na Malual alicheza kwenye harusi mpaka kofia ikaanguka.

Kilichobaki ni kumtoa Jok. Wazee wangekwenda kumwambia jaji kwamba familia imeridhika. Jok akitoka, angekuja kumchukua Abul, maana mtoto ni wa baba na ukoo wa baba, na hapo hakuna mzee wa Benchi ambaye angebisha. Yar aliwaza Abul akilala chumba kimoja na mikono ile. Titi la kushoto lilimuuma kama limeingia upepo.

Mwezi wa Novemba 2013, jirani yake Céline, Mkongomani aliyekaanga mandazi karibu na kituo cha polisi, alikuja mbio na mwiko mkononi.

"Yar we! Uko hapa natwanga tu? Bazee yenu bamevaa suti. Bako naomba karatasi ya kwenda Lodwar, na fimbo yabo na tai."

"Lodwar kufanya nini?"

"Jaji ya Kitale anashuka Lodwar wiki hii. Nimebasikia na masikio yangu. Yule wa midomo anasema, 'Tukimaliza kwa jaji, tunarudi na kijana wetu.'"

Yar aliacha kutwanga. "Mimi sijaitwa."

"Batakuitaje, na barua yako ni bao njo banapokea?" Céline akampokonya mchi. "Enda! Nitakuchungia nyumba. Beba batoto bote, usiache mutoto hapa hata kidogo."

Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali cha kusafiri. Yar alikwenda kituoni akiwa na mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Afande wa kike aliyekuwa mezani alimtazama juu chini.

"Jina?"

"Yar. Mimi ni shahidi ya kesi ya Jok."

"Wewe ndiye Yar?" Afande akaweka kalamu chini. "Si mzee wenu alituambia ulirudi Sudan? Tena akasema ulirudi ukiwa umesamehe."

"Mimi iko hapa."

"Hata mimi naona uko hapa! Na mzigo wa kutosha." Akacheka, halafu hakucheka tena. "Huyo mzee alikaa kiti hicho hapo, akanipa pole ya kazi, akaniombea. Ai! Ngoja nikuandikie."

Lodwar alifika jioni, akalala Nawoitorong kwenye nyumba ya wageni ya akina mama, ambako mpishi alimpa maji ya kuoga na akakataa kumuuliza lolote. Asubuhi mapema alikuwa mahakamani.

Watu walijaa kwenye veranda na kwenye mchanga. Choo cha nje kilikuwa kimefurika, na harufu ilikuwa inakuja na upepo, ikikata, ikija tena. Wanaume walitema tumbaku ukutani, michirizi ya kahawia imekaukia juu ya mingine. Yar alitafuta mahali pa kuweka watoto pasipo mate, hakupata, akasimama.

"Ejok?" akamsalimu mama mmoja wa Kiturkana, shanga shingoni juu ya shati jeupe la kazi.

"Ejok."

"Hapana simama na watoto wawili kama ngamia. Keti kwa kiti yangu." Aliitwa Jerusha, mhudumu wa mahakama, mwenye kazi ya kuita majina ya watu mlangoni kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Wewe ni ya hakimu ama ya jaji?"

"Mimi sijui. Dada yangu aliuawa."

"Basi ni ya jaji." Jerusha akaegemea ukuta. "Hakimu ni ya kila siku: wizi ya mbuzi, kupigana, pombe, mtu na bibi yake. Lakini roho ikitoka, hakimu anaweka kalamu chini. Hana hiyo nguvu. Na hakimu akikosea, jaji ndiye anasema umekosea, toa huyo mtu. Jaji hana kesi ya kusema hii ni kubwa, imenishinda."

"Na kwa nini anakaa mbali?"

"Uliza serikali! Wakati ya mzungu hata hakimu hakukuwa. Kulikuwa na DC, mkubwa ya wilaya. Yeye ndiye anashika, yeye ndiye anauliza, yeye ndiye anafunga. Babu yangu alishtakiwa na DC, akahukumiwa na DC, akateka maji ya kuoga ya DC mpaka kifungo ikaisha. Halafu uhuru ikakuja, wakaleta hakimu, lakini jaji wakaacha huko juu Kitale, kwa mahindi. Mtu ya Namoruputh anaona mauaji, anaambiwa kuja Kitale useme. Mbuzi anaachia nani? Akifika, jaji yuko likizo, rudi. Akirudi, mbuzi zimechukuliwa. Akiitwa tena anasema, mimi sikuona kitu, nilikuwa nimelala. Kesi mingi imekufa kwa hiyo barabara kuliko watu."

"Mimi nilienda," Yar akasema. "Na yeye. Gari moja."

Jerusha akamtazama, akatoa mlio wa ulimi. "Uchafu," akasema, na neno hilo lilimfariji Yar kuliko pole zote alizowahi kupewa. "Sasa kuna kaunti, kuna katiba mpya, tunaambiwa Lodwar itapata jaji yake. Tunangoja. Leo anashuka tu, anaazima kiti ya hakimu. Lakini akishakaa, hapo ni Mahakama Kuu. Hata akikaa juu ya jiwe."

"Na Benchi yetu? Wazee wakisema imeisha?"

Jerusha hakupata nafasi ya kujibu. Malual alikuwa amefika, wazee wenzake nyuma yake na ndugu zake Jok nyuma yao. Alikuwa anatafuna. Alipomwona Yar taya zilisimama, kisha zikaendelea polepole.

"Binti ya ndugu yangu," akasema kwa Kidinka. "Nani amekutuma kusumbua watoto kwenye jua?"

"Nimekuja kwa jaji."

"Kusema nini? Ulikula." Akainama karibu, na pumzi yake ilikuwa ya nyama ya jana. "Watu wote walikuona. Ulikula na ukamlisha mtoto. Ukifungua kinywa leo, unawafungulia hawa wawili kaburi. Mimi sikutishi. Mfupa ndio uliosema."

"Ulisema ni matanga."

"Nilisema tumalize. Tumemaliza." Akamgusa Abul shavu kwa kidole kilichokuwa na mafuta. Yar alichukua kona ya leso, akalipangusa shavu mbele yake, taratibu, mpaka mafuta yakaisha.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na feni haikuzunguka. Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Jok aliletwa, amenyolewa, shati safi. Maneno mengi yalikuwa ya Kiingereza, na Yar alishika machache, lakini mkalimani alisimama akiyageuza kwa Kidinka. Yar alimtazama huyo mkalimani. Aliijua ile pua. Siku ya yule mbuzi alikuwa amekaa kando ya moto, akinyonya uboho.

Wakili wa Jok alisema familia mbili zimepatana kwa mila zao, fidia imetolewa, na katiba mpya inaagiza mahakama ziheshimu suluhu ya wazee. Kiongozi wa mashtaka alisema ameambiwa shahidi wake mkuu amerudi Sudan, kwa hiyo anaomba kuiondoa kesi. Malual akaitwa. Alilamba midomo.

"Mheshimiwa," akasema kwa Kiswahili kizuri cha kanisani, "sisi ni wakimbizi. Tumeonja damu ya kutosha. Marehemu alikuwa mwanangu. Nimelia. Nimesamehe. Tunataka tu amani."

Mtu mmoja nyuma akasema amina.

"Marehemu ameacha nani mwingine?" jaji akauliza, naye aliuliza kwa Kiswahili.

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni sisi tu."

Yar alijiona amesimama. Hakukumbuka kuamua. Atem aliamka akalia, Jerusha mlangoni akasema "Sshh!" kwa kazi yake, lakini hakumfuata.

"Huyo ni nani?" jaji akauliza.

Mkalimani akaanza haraka haraka, "Mheshimiwa, ni mwanamke tu wa..."

"Mimi si yeye," Yar akasema. "Yeye asisemee mimi. Alikula. Mimi nasema Kiswahili yangu mwenyewe, hata ikiwa mbaya." Akamtuliza Atem. "Mimi ni Yar. Agot ni dada yangu, tumbo moja. Alinibeba mpaka Kenya. Mimi ndiye niliona. Na mimi sijasamehe."

Wakili wa Jok alikuwa mwepesi. "Mheshimiwa, ninaomba nimuulize shahidi huyu jambo moja tu. Mama, ni kweli ama si kweli kwamba ulikula nyama ya mapatano?"

"Ni kweli."

"Na kwa mila yenu, anayekula amesamehe?"

"Ndiyo. Ni hivyo."

Wakili akageuka kukaa, amemaliza. Yar hakuwa amemaliza.

"Niliambiwa ni matanga ya dada yangu. Nilikuwa na njaa. Mimi nanyonyesha wawili. Huyu pia alikula." Akamgeuza Abul ili jaji amwone. "Mimi ndiye nilimtafunia. Huyu ni wa Agot. Kama kula ni kusamehe, basi andika, huyu pia amesamehe, kwa sababu alipiga makofi. Ng'ombe wa mama yake wameoa bibi ya kijana wa huyu mzee. Yeye alicheza. Mimi nikitapika, natapika peke yangu."

Malual alisimama na fimbo yake. "Huyu ni mgonjwa wa kichwa, Mheshimiwa, tangu ajifungue..."

"Kaa, mzee," jaji akasema. Alivua miwani, akaisugua. Aliposema, alisema polepole, akiwatazama wazee mmoja mmoja. "Kesi za maji, za ndoa, za majirani, suluhisheni. Sitawaingilia, na katiba inapenda hivyo. Lakini roho ya mtu haikuwa mali yenu mkaiuza. Mshtaki hapa si familia. Ni Jamhuri. Na Jamhuri yenyewe haiwezi kuondoa kesi mpaka mimi nikubali. Sikubali. Mlisema shahidi yuko Sudan. Ninamwona hapa. Kesi inaendelea, na inaendelea sasa. Mkalimani, wewe nenda nje."

Yar aliapa kwa Biblia. Alieleza uzio, mchi, mkono uliojikinga. Wakili alimuuliza jua lilikuwa upande gani, uzio ulikuwa na nafasi kiasi gani, kwa nini hakumzuia. Hilo la mwisho alilijibu, "Nilikuwa na mtoto mgongoni," na hakuna aliyelirudia. Jok hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anakwangua uchafu wa ukucha mmoja kwa ukucha mwingine, akiupuliza chini.

Kabla jaji hajainuka, Yar aliuliza, "Na mtoto?"

"Mtoto wa nani?"

"Huyu. Wao wanasema ni wa ukoo wa baba."

Jaji aliandika kitu. "Mtoto anabaki kwako mpaka nitoe hukumu, na nitakaporudi kuitoa nataka kumwona mkononi mwako, amenenepa. Atakayemgusa nitamleta mahali pale." Akaonyesha kwa kalamu pale Jok aliposimama.

Nje, ndugu mmoja wa Jok alitema mate karibu na miguu ya Yar. Huyo alikuwa nafuu, angalau alimwonyesha alichokuwa nacho moyoni. Malual yeye alikuja akitabasamu, mikono miwili mbele, kwa sababu watu wa Lodwar walikuwa wanatazama.

"Binti yetu hodari!" akasema kwa sauti. Kisha chini chini, "Umetuaibisha mbele ya Wakenya. Ng'ombe wakidaiwa, nitawatoa wapi? Twende, gari letu lina nafasi. Tutazungumza nyumbani, kwenye Benchi."

Yar aliitazama ile mikono. Alikuwa amelelewa kuwaheshimu baba zake wadogo. Angeshikwa na mikono hiyo, na mtu yeyote angeona ni sawa. Aliona mafuta kwenye mikunjo ya vidole, na mwili wote ukasisimka kama amekanyaga kitu kilichooza.

"Usinishike," akasema.

"Nani atakulisha? Nani wa kwetu atakufungulia mlango?"

"Sijui. Lakini sitakula tena nyumbani kwako. Na kwenye Benchi msiniite. Mkiniita sitakuja."

Aliwapita. Alijua kijiji chake pale kambini kimekwisha. Angeenda kuomba kona ya kulala kwa Céline, kwa Wakongomani, ambao wangemcheka kwa Kiswahili chake na kumpa mandazi. Angeishi kwa watu wasiomjua mama yake. Hilo lilimuuma, na maumivu hayo hayakumwondolea karaha hata chembe, vilikaa pamoja ndani yake.

Barabarani, kabla ya steji ya bodaboda, kulikuwa na kibanda cha mama wa Kiturkana aliyeuza maji. Yar aliwashusha watoto kwenye mchanga safi, akawanywesha kwa zamu. Walisukumana, wakamwagiana, Abul akamuuma Atem mkono, Atem akalia kwa hasira kubwa.

"Hawa nao!" mama wa maji akasema akicheka. "Wote wako?"

"Wangu."

"Ni mapacha?"

Yar alimfuta Abul kidevu kwa kiganja chake.

"Mapacha," akajibu. "Wa kushoto ndiye mkorofi."